Programu Huria Ina Mlezi: Namna ya Kumjua, Kumwomba na Kujilinda Naye

Ukipita Base Camp ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, siku ya utafiti wa kaya, utawaona vijana wawili wawili wakienda mlango kwa mlango, simu mkononi. Wanauliza: mnalala wangapi humu, maji mnateka wapi, mtoto wa mwisho alichanjwa lini. Kila jibu linaguswa kwa kidole na kubaki ndani ya simu hata pasipo mtandao, na jioni wakifika penye mtandao fomu zote hupanda kwa pamoja. Programu inayofanya kazi hiyo mara nyingi ni KoboToolbox, au ODK ambayo Kobo ilitokana nayo. Kwenye kliniki, kumbukumbu za wagonjwa wanaotumia dawa za VVU katika vituo vingi vya Uganda zimo katika UgandaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, na hesabu za kila mwezi huenda wizarani kupitia DHIS2. Mashirika yanayochora njia, visima na shule za makazi haya huzichora kwenye OpenStreetMap.

Zote hizo ni kazi huria. Msimbo wa programu, au data za ramani, uko wazi. Una ruhusa ya kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kumpa mwenzako. Nafundisha vijana kompyuta kati ya makazi haya na mji wa Mbarara, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili: "Mwalimu, kama ni ya bure, wanaoitengeneza wanakula nini?" Ni swali zuri kuliko anayeuliza anavyodhani. Programu huria ina mlezi, kama chama cha mpira kilivyo na mlezi. Usipomjua utajenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu, na ukimjua unaweza hata kumfanya akulipe mshahara. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi, fundi, na mtu wa shirika au wa kikundi cha akiba ambaye kazi yake ya kila siku imeegemea programu ya namna hiyo.

Kutoa kwao ni hesabu

Wazee husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa mtu ni kweli. Kwa kampuni kubwa kutoa ni hesabu, na ukiielewa hesabu hiyo hutapoteza muda kwenye mlango usiofunguka.

Chukua Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki. Leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa inayouzwa mjini Mbarara. Walio wengi kati ya wanaokiandika ni waajiriwa wa Intel, Google, Red Hat, Huawei na wengineo. Wanapokea mshahara wa mwezi kwa kuandika msimbo ambao mshindani wa mwajiri wao atauchukua bila kulipa chochote. Mwajiri anakubali kwa sababu naye anakula hapo hapo. Google bila Linux haina Android. Intel inataka kichakataji chake kipya kifanye kazi na Linux siku kinapoingia sokoni. Mwaka 2001 IBM ilitenga dola bilioni 1 kwa kazi za Linux, na mwaka 2019 ikakamilisha kuinunua Red Hat kwa dola bilioni 34. Mtu hatumii fedha za namna hiyo kwa kuona huruma.

Mshahara, basi, ndiyo njia kubwa kuliko zote. Nyingine ni ada za kila mwaka kwa taasisi zinazotunza programu, huduma zinazotolewa bila malipo, programu za mafunzo kwa wanaoanza, na michango midogo ya moja kwa moja kwa mtunzaji kama ile inayopitia GitHub Sponsors tangu mwaka 2019. Hiyo ya mwisho inatajwa sana, lakini watunzaji wanaoishi kwayo ni wachache mno. Usiijengee ndoto.

Huduma zinazotolewa bila malipo zinatugusa sisi kwa karibu. Tangu mwaka 2010 Microsoft imewaruhusu wachoraji wa OpenStreetMap kuchora juu ya picha za satelaiti za Bing, jambo linalomwezesha mtu aliyekaa Mbarara kuchora paa la nyumba ya Juru au Rubondo huko Nakivale bila kufika. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ilitoa ramani ya majengo milioni 17.9 ya Uganda na Tanzania, yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka kwenye picha hizo. Google nayo ikatoa majengo ya Afrika mwaka 2021, kazi iliyoongozwa kutoka ofisi yake ya Accra. Kampuni hizi zina ramani zao na zinahitaji data safi. Ila kompyuta inaona paa tu. Haijui kama chini ya paa ni shule, kanisa, au duka la mama anayeuza mihogo. Jina la mahali anaweza kulitia mwenyeji peke yake, na kwa sababu hiyo mchango wako una thamani hata mbele ya kampuni yenye mabilioni.

Kuna pia upande wa pili wa hesabu hii, nao unatisha. Programu ambayo kila mtu anaitegemea na hakuna anayejiona kuwa na wajibu nayo hubaki yatima. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa hitilafu katika OpenSSL, programu inayofunga mawasiliano ya siri kwenye tovuti, benki zikiwemo. Hitilafu hiyo, iliyopewa jina Heartbleed, ilimruhusu mwizi kusoma kumbukumbu ya seva na kuchota funguo na nywila. Dunia ilipouliza nani anaitunza OpenSSL, jibu lilikuwa watu wachache, mmoja wao tu akiifanyia kazi muda wote, na michango ya karibu dola 2,000 kwa mwaka. Kabla mwezi haujaisha, kampuni zikiwemo Google, Microsoft, Amazon, Facebook, Intel na IBM ziliahidi kila moja dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, chini ya Linux Foundation. Walikuja baada ya nyumba kushika moto.

Miaka kumi baadaye, Machi 2024, ilionekana kwamba somo halijaisha. Programu ndogo ya kubana mafaili, XZ Utils, ilikuwa mikononi mwa mtunzaji mmoja aliyechoka. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alimsaidia kwa uvumilivu kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Mtu anayelipwa mshahara aliiokoa dunia, na mtunzaji asiyelipwa ndiye aliyekuwa ameelemewa. Ukikumbuka kisa kimoja tu katika haya ninayokueleza, kumbuka hicho.

Soma kinachofuata alama ya @

Sasa tuingie kazini. Kabla hujaichagua programu, tafuta mshahara unatoka wapi.

Kijana mmoja Mkongo wa kijiji cha New Congo cha Nakivale, anayesoma Mbarara na kurudi makazini wakati wa likizo, alitaka kuweka mfumo wa masomo usiohitaji intaneti kwenye shule ya jamii. Alikuwa na programu mbili mkononi na hakujua ashike ipi. Tulikaa kwenye kibanda cha kuchajia simu, sola juu ya bati, kompyuta yake ikiwa na chaji asilimia 40. Nilimzuia asishushe ghala zima la msimbo, kwa kuwa lingemaliza bando, na bando la Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Historia ya mabadiliko peke yake inatosha. Amri ya programu ya git ni hii:

git clone --bare --filter=tree:0 ANWANI

Mahali pa neno ANWANI weka anwani ya ghala. Ukishaingia ndani ya folda iliyotokea, andika:

git shortlog -sne --since="1 year ago" HEAD

Inatoka orodha: idadi ya mabadiliko, jina la mtu, barua pepe yake. Aliyefanya mengi yuko juu. Nilimwambia, "Acha majina kwanza. Soma kinachofuata alama ya @." Programu ya kwanza ilikuwa na watu 4, na watatu wana anwani ya kampuni moja. Ya pili ilikuwa na watu zaidi ya 30, anwani za shirika lisilo la faida, za vyuo, za kampuni mbili tatu, na nyingine nyingi za gmail. Alitazama kwa muda, akasema, "Ile ya kwanza wakihama wale watatu, imekufa." Hakuhitaji somo lingine.

Anwani za gmail zisikudanganye lakini. Mtu anaweza kuajiriwa na Google na bado akatumia barua pepe yake binafsi. Wale watano wa juu wafungue mmoja mmoja kwenye GitHub uone wanaandika wanafanya kazi wapi. Kisha tafuta ndani ya ghala mafaili yanayoitwa MAINTAINERS, GOVERNANCE na FUNDING. La kwanza linasema nani ana ufunguo, la pili nani anaamua, la tatu michango inapokelewa kupitia wapi. Yasipokuwepo kabisa kwenye programu kubwa, hilo nalo ni jibu.

Baada ya hapo soma faili la LICENSE. Kolibri, programu ya masomo ya bila intaneti, ina leseni ya MIT: chukua, badilisha, hata uza, acha tu jina la mwenye kazi. ODK ina ya Apache, inayofanana nayo ila inakulinda pia na madai ya hataza. KoboToolbox ina AGPL, na hapo sharti ni zito zaidi: ukiibadilisha na kuwahudumia watu kupitia mtandao, lazima uwape msimbo wa mabadiliko yako. Ramani ya OpenStreetMap ina leseni yake ya data inayotaka uitaje na uzitoe data ulizoziboresha kwa masharti yale yale. Hakuna leseni mbaya kati ya hizo. Ubaya ni kuingia bila kusoma.

Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: nani anaweza kuibadilisha leseni kesho? Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform kwenye leseni huria na kuitia kwenye leseni yenye mipaka ya biashara. Iliweza kwa sababu kila mchangiaji wa nje alikuwa ametia saini mkataba wa kuipa kampuni haki juu ya kazi yake. Waliokataa walichukua msimbo wa mwisho uliokuwa huria wakaanzisha OpenTofu, na mwezi uliofuata ikapokewa na Linux Foundation. Kwa hiyo ukiletewa mkataba wa mchangiaji kabla ya msimbo wako kupokelewa, usome mpaka mwisho. Unaweza kuukubali. Lakini ujue kwamba umempa mtu haki ya kuifunga kesho kazi unayoitoa leo kwa wote.

Nasema haya nikiwa nimeungua. Miaka kadhaa iliyopita nilikiwekea kikundi cha akiba na mikopo mfumo wa kampuni moja changa. Msimbo ulikuwa wazi, lakini kila mtu aliyeuandika alikuwa mwajiriwa wao, na data zetu zilikaa kwenye seva yao. Fedha ziliwaishia wakafunga. Tulipata taarifa ya siku 14. Niliweza kutoa orodha ya wanachama na salio la kila mmoja, lakini historia ya marejesho ikapotea, na akina mama waliokuwa wamelipa kwa uaminifu miaka miwili hawakuwa na cha kuonyesha walipotaka mkopo mkubwa zaidi. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, na lile daftari langu la zamani ulilosema nilitupe?" Tangu siku hiyo sijaweka mfumo wowote pasipo nakala ya kila wiki kwenye diski iliyo mikononi mwa kikundi chenyewe.

Mali ya wakfu

Watu wa pwani wanaelewa jambo hili kwa urahisi kwa sababu wana neno lake. Shamba likishawekwa wakfu kwa msikiti, aliyelitoa hawezi kulirudisha wala mwanawe hawezi kuliuza. Programu kubwa nyingi zimewekwa wakfu kwa taasisi, na kampuni hulipa ada kuitunza taasisi hiyo.

Lakini wakfu nao hutofautiana. Apache Software Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1999, ina wadhamini wa ngazi ya juu wanaolipa dola 125,000 kwa mwaka, na fedha hizo haziwapi kiti kwenye bodi. Huko mtu hupata sauti kwa kazi yake, na akihama kampuni anahama na sauti yake. Linux Foundation ni jumuiya ya wafanyabiashara: mwanachama wa ngazi ya juu hulipa dola 500,000 kwa mwaka na hupata kiti. Kwa mchangiaji mdogo wa Mbarara naona Apache ina uwanja sawa zaidi, ingawa Linux Foundation ina fedha nyingi zaidi za kuajiri watu. Apache ndiyo inayotunza Fineract, mfumo wa kuendeshea mikopo midogo uliozaliwa katika mradi wa Mifos wa Grameen Foundation. Mtu wa SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, anapaswa kuujua kabla ya kununua mfumo wowote.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Mojaloop, ambayo hata jina lake limetoka kwenye neno letu "moja". Ni programu ya kuunganisha benki na mitandao ya pesa za simu ili mtu wa mtandao mmoja amtumie wa mwingine. Msimbo ulitolewa mwaka 2017 kwa fedha za Gates Foundation. Mwaka 2018 MTN na Orange walitangaza mradi wa pamoja, Mowali, uliojengwa juu yake. Mwaka 2020 ikawekwa wakfu rasmi, Google na kampuni iitwayo Coil zikiwa miongoni mwa waasisi. Coil ilifunga milango mwaka 2023. Mojaloop inaendelea, kwa sababu ilikuwa na walezi zaidi ya mmoja na hakuna aliyeimiliki.

Sisi wenye Kiswahili tuliliona hili zamani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice kwa Kiswahili chini ya jina Jambo OpenOffice. Mlezi mkuu wa OpenOffice alikuwa Sun Microsystems. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, waandishi wa programu wakapoteza imani, na mwaka huo huo wakaondoka na msimbo kuanzisha LibreOffice chini ya wakfu wao wenyewe. Kampuni haikuwa na nguvu ya kuwazuia. Leseni ndiyo iliyowafungulia mlango.

Pale kampuni isipokula

Kuna jambo linaloniuma nalo lazima nilieleze wazi. Programu nyingi zinazotuhudumia Nakivale hazina kampuni kubwa inayozitegemea. Hakuna kampuni itakayofilisika kwa sababu ya kadi ya mgonjwa wa wilaya ya Isingiro. OpenMRS ilianza mwaka 2004 na kupata kituo chake cha kwanza Eldoret mwaka 2006. UgandaEMR imejengwa na watu wa mradi wa METS wa Chuo Kikuu cha Makerere, na DHIS2 inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Fedha za programu hizi kwa sehemu kubwa zimekuwa za misaada: serikali ya Norway, Global Fund, mpango wa Marekani wa UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, wengi wetu tulielewa kwa mara ya kwanza kwamba walezi wetu walikuwa wachache kuliko tulivyodhani. Msimbo haukufungwa, kwa kuwa hauwezi kufungwa. Kilichoyumba ni mishahara ya wanaoutunza.

Kampuni zinaweza kusaidia hata hapo, ila husaidia kwa kuazima watu. Mwaka 2012 vita vya waasi wa M23 viliwasukuma Wakongo kuvuka mpaka wa Bunagana hadi kituo cha mapokezi cha Nyakabande, Kisoro, na kutoka hapo wengi wakapelekwa makazi ya Rwamwanja. Watoto walifika peke yao. UNICEF na washirika wake walitumia RapidFTR, programu huria ya simu: mtoto anapigwa picha, anaandikwa jina lake na majina ya wazazi anaowakumbuka, na taarifa inatafutwa kwenye vituo vingine. Ilianza kama kazi ya darasani ya Jorge Just katika New York University. Kampuni ya ThoughtWorks, iliyokuwa na ofisi Kampala, ilitoa wahandisi wake kuijenga. Baadaye RapidFTR ilizaa Primero, ambayo UNICEF inaiongoza na inatumika katika nchi nyingi. Hakuna kampuni iliyoimiliki, na kazi ya wale wahandisi haikupotea walipoondoka.

Namna ya kuingia

Usianze kwa kuomba fedha. Anza kwa kurekebisha kitu unachokitumia wewe mwenyewe, kwa sababu mcheza kwao hutunzwa. Unaijua hitilafu inayotokea simu ikiishiwa chaji katikati ya fomu. Unajua tafsiri ya Kiswahili inayowachanganya watu wa Kivu kwa sababu iliandikwa na mtu asiyewahi kuwasikia wakizungumza. DHIS2 na OpenMRS hutafsiriwa kupitia tovuti ya Transifex, na huhitaji kuandika msimbo hata mstari mmoja. Wanaotaka msimbo watafute kazi zenye alama "good first issue" kwenye GitHub.

Unaporipoti hitilafu, andika aina ya simu, toleo la programu, ulichobonyeza kwa mpangilio, ulichotarajia, na kilichotokea. Ripoti ya namna hiyo husomwa. Inayosema "haifanyi kazi" hupita.

Ukishakuwa na michango miwili mitatu iliyopokelewa, angalia programu mbili za mafunzo zinazolipa. Google Summer of Code ipo tangu 2005, na tangu 2022 haiwataki wanafunzi tu: anayeanza, mwenye miaka 18 na kuendelea, anaruhusiwa. OpenMRS imekuwa mlezi humo kwa miaka mingi, na mmoja wa wahandisi wake wakuu ni Mganda, Daniel Kayiwa. Outreachy hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu, mara mbili kwa mwaka, na imewekwa kwa ajili ya watu wanaobaguliwa au kuachwa nje katika fani hii nchini mwao. Zote mbili hutaka uwe na haki ya kufanya kazi mahali unapoishi. Mkimbizi wa Uganda anayo: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kutafuta ajira. Wengi hawajui, wanajiondoa wenyewe kabla hata ya kujaza fomu.

Tatizo halisi ni malipo. Kabla hujatuma maombi, iulize kampuni inayopitisha fedha kama inapokea kitambulisho cha mkimbizi cha Ofisi ya Waziri Mkuu au hati ya kusafiria ya mkimbizi, na uhakikishe jina limeandikwa herufi kwa herufi sawasawa na la akaunti yako ya benki. Nimeona malipo yakikwama kwa sababu ya herufi moja kati ya "Mugisho" na "Mugisha". Lishughulikie mapema, kwa maandishi.

Kuomba kwa taasisi za hapa

Kampuni za ng'ambo hulipa pale zinapokula, na taasisi za hapa zinakula pia. Shirika linalofanya utafiti wa kaya kwa Kobo kila robo mwaka linakula hapo. Hospitali, SACCO na kampuni ya simu nazo ni vivyo hivyo. Kwenye mapendekezo ya bajeti yao kuna mstari wa mafuta ya gari na wa karatasi. Omba mstari wa programu.

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara, si kwa "yeyote anayehusika". Taja programu, taja kazi yao inayoitegemea, taja siku ilipokwama na gharama yake: "Fomu 212 zilirudiwa kwa mkono kwa siku mbili." Kisha omba kitu kimoja kinachopimika. Kinaweza kuwa saa nne za mhandisi wao kila mwezi, au chumba chenye umeme na mtandao kila Jumamosi, au nafasi kwenye seva, au bando la watu watano. Vitu kama hivyo hutolewa upesi kuliko fedha taslimu. Kwa kampuni yenye waandishi wa programu, onyesha kipimo cha Open Source Pledge, iliyozinduliwa mwaka 2024: dola 2,000 kwa mwaka kwa kila mwandishi wa programu aliyeajiriwa. Wakisema ni nyingi, waulize zipi si nyingi, uziandike.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina wanafunzi wa kompyuta wanaohitaji miradi ya kumalizia masomo. Mwendee mhadhiri ukiwa na orodha ya hitilafu kumi halisi kutoka Nakivale. Mwanafunzi anapata mradi wenye watumiaji, nawe unapata mikono.

Yule kijana wa New Congo alichagua programu ya pili. Akiwa anaiweka shuleni aligundua kwamba maelekezo ya kuiweka bila mtandao yana hatua mbili zilizobadilishana nafasi, akayarekebisha na kuyatuma. Yalikaa siku tisa bila jibu. Kisha mtunzaji akauliza maswali mawili, akajibu usiku akiwa chini ya taa ya kituo cha boda, na yakapokelewa. Likizo iliyofuata tuliiendesha ile amri ya shortlog kwenye kibanda kile kile. Chini kabisa ya orodha kulikuwa na namba 1, jina lake, na baada ya @ anwani ya chuo. Alifurahi sana, nami pia. Ila nilimwambia aibadilishe barua pepe hiyo siku ile ile kabla ya mchango wa pili, kwa sababu chuo huifunga mtu akihitimu, na yeyote atakayemtafuta kwa kazi miaka mitano ijayo atamtafuta kwa anwani hiyo.